Luena: "Core i7" peke yake si jina la mashini, mnunuzi alombe namba yote

Mtu wa Luena anayetaka kufungua sekretaria ndogo, pahali pa kuandikisha barua, kutoa fotokopi na kuchapisha vyeti, hana maduka kumi ya kompyuta ya kuchagulia. Atatuma feza kwa ndugu aliye Lubumbashi, ao atapanda treni mwenyewe. Mashini atakayorudi nayo imepita mikono mingi. Mara nyingi iliingia nchini kupitia Kasumbalesa, ikitoka bandari ya Dar es Salaam ao ya Durban, na mbele ya hapo ilikaa miaka mitano, saba, hata kumi chini ya meza ya ofisi fulani huko Ulaya ao Marekani. Hakuna garanti. Ikimshinda, hairudishwi. Ndiyo sababu swali la prosesa gani inunuliwe na kwa bei gani linamgusa yeye kuliko linavyomgusa kijana wa Paris anayeweza kurudisha mzigo dukani kesho yake.

Lakini mbele ya mashini hizo mnunuzi anaonyeshwa kitu kimoja tu: kale kakaratasi kadogo ka rangi ya buluu kenye maandishi "Core i7". Bei inapanda juu ya hayo maneno mawili, na hapo ndipo feza nyingi zinapotea.

"Core i7" ni jina la ukoo mzima. Intel ilianza kulitumia mwisho wa mwaka wa 2008, na tangu wakati huo imelibandika juu ya prosesa za kila namna. Chukua Core i7-2600, ya mwaka wa 2011. Ilipotoka, bei yake ya kiwandani ilikuwa dola 294, ina viini vinne, na imeandikiwa wati 95. Weka kando yake Core i3-12100, ya mwanzo wa mwaka wa 2022. Hiyo ilitoka kwa dola 122, ina viini vinne vilevile, imeandikiwa wati 60, na inaiacha ile i7 mbali katika kazi yoyote utakayozipa zote mbili. Mwenye kujua jina peke yake atalipa zaidi kwa ile inayofanya kazi kidogo na kula umeme mwingi. Na muuzaji hakusema uongo wowote: mashini ni i7 kweli.

Kinachosema ukweli ni namba inayofuata jina. Kwa Intel, tarakimu ya kwanza ya namba yenye tarakimu nne inaonyesha kizazi: 2600 ni kizazi cha pili, 6500 ni cha sita, 8500 ni cha nane. Namba ikiwa na tarakimu tano, mbili za kwanza ndizo kizazi: 10100 ni cha kumi, 12100 ni cha kumi na mbili. Kwa AMD, mshindani wake, hesabu ni karibu hiyohiyo: Ryzen 5 1600 ni ya mfululizo wa kwanza, Ryzen 5 3600 ni wa 3000, Ryzen 5 5600 ni wa 5000. Herufi ya mwisho nayo haikuwekwa kwa kupamba. T ya Intel inamaanisha prosesa iliyopunguziwa umeme, kwa kawaida wati 35. F inamaanisha haina sehemu ya kutoa picha kwenye ekrani, kwa hiyo bila karte grafike ya kando ekrani inabaki nyeusi. Kwa AMD ni kinyume: katika Ryzen za mezani mpaka mfululizo wa 5000, ni zile zenye G zinazotoa picha zenyewe, na zisizo na G haziwezi. Mtu amenunua Ryzen 5 5600 kwa bei nzuri, akafika nyumbani, akakuta ekrani haiwaki. Prosesa haina ubaya wowote. Alihitaji 5600G, ao karte grafike ambayo hakuihesabia franka.

Mabishano kati ya Intel na AMD yana umri mkubwa kuliko wengi wanaobishana. Intel ilianzishwa mwaka wa 1968, AMD mwaka wa 1969, zote mbili California. AMD iliingia katika kompyuta za watu binafsi kwa mlango wa nyuma: IBM, ilipotengeneza kompyuta yake ya mwaka wa 1981, haikutaka kutegemea kiwanda kimoja, na mwaka wa 1982 Intel ikakubali AMD itengeneze prosesa zake kwa ruhusa. Baadaye urafiki huo uliishia mahakamani. Tangu hapo ushindi umekuwa ukihama. Mwezi wa 3, 2000, Athlon ya AMD ilifikia gigahezi moja siku chache mbele ya Intel. Mwaka wa 2006 Intel ilileta Core 2 Duo na kuchukua tena usukani. Mwaka wa 2011 AMD ilileta FX, prosesa zenye viini vingi kwenye karatasi na nguvu kidogo kwenye kazi, na kwa miaka mitano hivi Intel ilibaki karibu peke yake, ikiuzisha viini vinne kwa bei ileile mwaka baada ya mwaka.

Kisha ikafika mwezi wa 3, 2017. AMD ilitoa Ryzen 7 1700: viini vinane kwa dola 329. Intel wakati huo ilikuwa na Core i7-7700K: viini vinne kwa dola 339. Ukigawanya bei kwa viini, AMD ilikuwa inatoa kiini kimoja kwa dola 41, Intel kwa dola 85 hivi. Mshindi anaonekana wazi, sivyo? Lakini i7-7700K ilikuwa inakimbia gigahezi 4.2 na kupanda mpaka 4.5, na Ryzen 7 1700 ilianza gigahezi 3.0 na kuishia 3.7. Kazi inayotumia kiini kimoja ao viwili, kama michezo mingi ya wakati huo na programu za ofisi, ilikwenda haraka zaidi kwa Intel. Kazi inayogawanyika kwa viini vyote, kama kutengeneza video, ilikwenda haraka zaidi kwa AMD. Na tena i7-7700K ilitoa picha yenyewe, Ryzen 7 1700 ililomba karte grafike. Kila upande uliweza kusema "sisi ni bora kwa bei hii", na kila upande ulikuwa na ukweli wake.

Hapo ndipo mtu wa Luena anapaswa kuacha mabishano ya wengine na kuuliza: bora kwa kazi gani?

Sekretaria inaandika barua, inafungua PDF, inachapisha, inafungua WhatsApp kwenye ekrani ili kupokea karatasi ambayo mteja ametuma. Kazi hiyo haitumii viini vinane. Haitumii hata vinne kwa siku nzima. Kwa kazi kama hiyo tofauti kati ya Intel na AMD za mwaka mmoja ni ndogo kiasi kwamba mwandishi hataiona. Atakachoona ni disku. Mashini ya zamani yenye disku inayozunguka inaweza kukaa dakika kadhaa mbele ya kuwa tayari. Ukiondoa disku hiyo na kuweka SSD, mashini ileile inaamka kwa muda mfupi sana. Ataona pia memori: giga 4 zinajaa upesi ukifungua kurasa chache za intaneti, giga 8 zinatosha kazi za ofisi. Mwenye dola mia moja na hamsini atafanya vizuri zaidi kununua i5 ya kizazi cha nane yenye SSD na giga 8 kuliko i7 ya kizazi cha tatu yenye disku ya zamani, hata kama jirani atamcheka kwa kuwa na "i5 tu".

Mambo ni mengine kwa yule anayehariri video za arusi, za kwaya ao za matanga, na kwa kijana mwenye studio ya muziki. Hao kila kiini cha ziada kinawapunguzia saa za kungoja. Video ambayo mashini ya viini vinne inaitengeneza usiku kucha, yenye viini vinane ya kizazi hichohicho inaweza kuimaliza kwa karibu nusu ya muda, na tofauti hiyo mwenye kazi anaihesabu kwa mafuta ya jenereta. Kwao Ryzen 7 ya okazioni ya mfululizo wa 2000 ao wa 3000 ni chaguo la kufikiria kweli, kama wana umeme wa kuilisha.

Umeme ndilo jambo ambalo tabelo za kulinganisha za Ulaya na Marekani hupita haraka, na huku ndilo linaloamua. Wenye kupima prosesa huko wanapanga bei upande mmoja na kasi upande wa pili, na wati zinatajwa mwishoni juu ya kelele ya feni. Kwa mtu ambaye umeme wa SNEL haumfikii, ao unamfikia na kukatika, wati ni sehemu ya bei. Tufanye hesabu ndogo, ya mfano. Kompyuta inayokula wati 40 kwa wastani, pamoja na ekrani ya wati 20, ikifanya kazi saa 8, inamaliza wati-saa 480. Kompyuta inayokula wati 120 na ekrani ileile, kwa saa zilezile, inamaliza wati-saa 1,120. Batri ya kawaida ya risasi, ya volti 12 na ampea-saa 100, inabeba wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku unaiua upesi, kwa hiyo ya kutumia ni 600. Mashini ya kwanza inafanya siku nzima ya kazi juu ya batri moja. Ya pili inalomba batri mbili, pamoja na pano za jua za kuzijaza. Mtu aliyeokoa dola thelathini dukani kwa kuchukua mashini ya zamani yenye kula umeme, ameongeza batri nzima kwenye hesabu yake, na batri inakufa kila baada ya miaka michache.

Kwa hiyo zile kompyuta ndogo za ofisi, ndogo kama kitabu kinene, ambazo wauzaji wengine wanazidharau kwa sababu hazina sanduku kubwa, zinafaa kuangaliwa mara mbili. Dell inaziita OptiPlex Micro, HP inaziita EliteDesk Mini, Lenovo inaziita ThinkCentre Tiny. Nyingi zina prosesa za wati 35. Core i5-8500T, kwa mfano, ina viini sita, inaanza gigahezi 2.1 na kupanda mpaka 3.5 kazi inapoilazimisha. Kwa upande wa AMD kuna Ryzen 5 PRO 3400GE, viini vinne, wati 35, na sehemu yake ya picha ina nguvu kuliko ile ya Intel ya miaka hiyo. Kati ya hizo mbili, kwa sekretaria ao kwa ofisi ya kituo cha afya, achukue ile anayoipata yenye SSD, yenye chaja yake ya asili, na kwa bei ndogo. Hakuna sababu ya kugombana na mtu juu ya hilo.

Kuna tahadhari moja juu ya wati zinazoandikwa. Intel na AMD hawazihesabu namna moja, na namba iliyo kwenye karatasi si mwisho wa kile prosesa inaweza kula. Core i5-12400 imeandikiwa wati 65 lakini inaruhusiwa kupanda mpaka 117 kwa muda. Ryzen 5 5600G imeandikiwa wati 65 na kikomo chake cha kawaida ni 88. Juu kabisa ya ngazi, Core i9-14900K imeandikiwa wati 125 na inaruhusiwa mpaka 253. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, prosesa hiyo peke yake ingemaliza zile wati-saa 600 za batri yetu kwa muda usiofika saa mbili na nusu. Ni mashini nzuri sana kwa mtu mwenye umeme usiokatika.

Kwa nini basi sokoni Lubumbashi mashini karibu zote za okazioni zina alama ya Intel? Si kwa sababu mnunuzi Mkongo alipima akachagua. Kompyuta tunazouzishiwa ni zile ambazo ofisi za ngambo zilinunua miaka iliyopita, na ofisi hizo zilinunua kwa maelfu kutoka kwa Dell, HP na Lenovo. Dell haikuuzisha hata kompyuta moja yenye prosesa ya AMD mpaka mwaka wa 2006. Mwaka wa 2009 Tume ya Ulaya iliipiga Intel faini ya euro bilioni 1.06, ikisema iliwapa watengenezaji punguzo la bei ili waikatae AMD. Intel ilibisha, mahakama ya Ulaya ikaifuta faini hiyo mwaka wa 2022, na mwaka uliofuata Tume ikatoza nyingine ya euro milioni 376. Mwishoni mwa mwaka ule wa 2009 Intel ilikubali pia kuilipa AMD dola bilioni 1.25 ili kesi zao zimalizike. Hivyo, chaguo linaloonekana dukani leo lilifanywa zamani, na watu wengine, kwa sababu zao. AMD za ofisi zimeanza kuonekana kwa wingi zaidi tu baada ya Ryzen, na kwa kuwa ofisi hubadilisha mashini baada ya miaka minne ao mitano, zinaingia sokoni sasa. Muuzaji asiyezijua anaziuzisha bei ya chini kwa sababu "watu hawaombi AMD". Mnunuzi anayesoma namba anapata faida hapo.

Tarehe moja imebadilisha bei zote hizi. Tangu tarehe 14 mwezi wa 10, 2025, Microsoft imeacha kutoa matengenezo ya kawaida ya usalama ya bure kwa Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, wala zile za AMD zilizo chini ya Ryzen 2000, na hata ndani ya mfululizo huo wa 2000 si zote zinakubaliwa. Maana yake ni kwamba ofisi nyingi za ngambo zinatupa mashini za kizazi cha sita na cha saba kwa wakati mmoja, mashini nzima zinazofanya kazi, na njia ya kuziondoa ni kuzipakia katika kontena. Zitafika, na zitauzishwa rahisi. Kuna watakaofurahia bei. Mwenye Core i5-6500 hana mashini iliyokufa, prosesa hiyo ya mwaka wa 2015 bado inaandika barua bila taabu. Lakini mwenye kuweka juu yake majina ya wagonjwa, ao pointi za wanafunzi, ao hesabu za kooperative, na kuifunga kwenye intaneti bila matengenezo ya usalama, anaacha mlango wazi. Akiweka Linux, ambayo hailipiwi, mashini ileile inaweza kufanya kazi kwa usalama miaka mingine. Tatizo ni fundi: walio wengi wamefundishwa Windows tu, na wanaijaza kwa nakala za kuiba ambazo zenyewe zinabeba virusi. Kijana wa Luena ao wa Bukama anayejifunza kuweka Linux vizuri, na kufundisha wateja wake kuitumia, ana kazi inayomngoja.

Kuna pia kesho ya mashini, yaani siku itakapoharibika. Hapa AMD ina sifa ambayo haionekani kwenye tabelo za kasi. Soketi yake ya AM4, pahali prosesa inapokaa juu ya karte mere, ilipokea Ryzen za kwanza mwaka wa 2017 na bado ilikuwa inapokea prosesa mpya mwaka wa 2022. Karte mere nyingi za mwanzo, zikisasishwa programu yake ya ndani, zinapokea hata hizo za mwisho. Intel kwa muda huohuo ilibadilisha soketi zaidi ya mara moja: ya kizazi cha kumi ni tofauti na ya kizazi cha kumi na mbili, na hata karte mere za kizazi cha sita na cha saba hazipokei rasmi kizazi cha nane, ijapokuwa soketi ina pini 1,151 zilezile. Kwa fundi anayetafuta kipuri, AM4 moja inafungua milango mingi. Lakini hilo ni kwa wenye masanduku makubwa yanayofunguliwa. Zile ndogo za ofisi, ziwe za Intel ao za AMD, hazina nafasi ya kubadilishiwa mengi, na mara nyingine mtengenezaji amefunga programu ya ndani ili ikubali prosesa zake chache tu.

Wengine watauliza kama si afadhali kununua mpya. Kwa mwenye uwezo, ndiyo, na leo ushindani unampendelea mnunuzi. Mwezi wa 8, 2024, AMD ilitoa Ryzen 5 9600X kwa dola 279, viini sita na wati 65. Miezi miwili baadaye Intel ikatoa Core Ultra 5 245K kwa dola 309, viini kumi na vinne, lakini vinane kati ya hivyo ni vidogo, vilivyowekwa kwa kazi nyepesi. Hizo ni bei za kiwandani Marekani. Ongeza safari, forodha, TVA ya asilimia 16 na faida ya kila mkono, kisha ongeza karte mere na memori mpya ambazo prosesa hizo zinalazimisha. Kwa sekretaria ya Luena hesabu hiyo haijibu. Kwa studio inayolipwa vizuri inaweza kujibu.

Mpya ao karibu mpya pia ina mitego yake. Mwaka wa 2024 Intel ilikubali kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile zenye nguvu, zilikuwa zinapokea volti kupita kiasi na kuharibika polepole, na ikaongeza garanti yake kwa miaka miwili. Programu ya kurekebisha inazuia uharibifu mpya, lakini haiponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Kwa hiyo Core i9-13900K ya okazioni yenye bei ya kushangaza inapaswa kumshangaza mnunuzi kweli. Garanti ya Santa Clara, ilipo Intel, haitavuka Kasumbalesa kwa urahisi.

Inauma kidogo kukumbuka vilivyo ndani ya vipande hivi. Nyaya ndogo kabisa zinazounganisha sehemu za prosesa za leo ni za shaba, na Intel ilipotengeneza prosesa zake za nanomita 10 iliweka kobalti katika tabaka za chini za nyaya hizo. Shaba na kobalti zinapita kwa lori kutoka Kolwezi na Likasi kwenda Kasumbalesa. Kompyuta inarudi kwa barabara ileile, baada ya miaka kumi, imetumika, na watu waliotoa mawe hawajui hata kusoma namba iliyoandikwa juu yake. Hapa hakuna siri ya teknolojia. Ni masomo ambayo hayakutolewa.

Na ndiyo maana jambo hili linahusu pia shule na viongozi wa jimbo, kuliko kijana mmoja na sekretaria yake. Wazazi wanapochanga feza ili shule ipate chumba cha kompyuta, wanaonyeshwa fakture iliyoandikwa "ordinateur complet, Core i5, 10". Hiyo i5 inaweza kuwa ya mwaka wa 2010 ao ya mwaka wa 2022. Kati ya hizo mbili bei ya haki inatofautiana mara nyingi, na tofauti hiyo inaweza kuingia mfukoni mwa mtu bila karatasi yoyote kuonyesha wizi. Komite ya wazazi ina haki ya kukataa fakture ya namna hiyo. Ofisi ya jimbo, Kamina, inapotangaza manunuzi ya kompyuta, inapaswa kuandika kizazi cha chini kinachokubaliwa, wati, giga za memori, na kwamba disku ni SSD, bila kutaja jina la kampuni moja ili Intel na AMD zishindane kwa bei. Wauzaji wa Lubumbashi walio waaminifu, na wapo, hawatakuwa na tatizo kuandika namba nzima kwenye karatasi.

Kuihakikisha hakuhitaji fundi. Mashini ikiwa imewashwa na ina Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, bonyeza Enter. Mstari wa prosesa unaonyesha jina na namba kamili, na karibu nao kuna memori. Kama sanduku linasema i7 na ekrani inasema i7-2600, mnunuzi bado ana feza mkononi.